Vigimbi vya Bundala

Baba Bundala,

Ugali uko kwenye hotpoti, mlenda kwenye sufuria. Ndama nimewafunga, usiwaachie kabla hujakamua. Sisi tumepanda bodaboda kwenda hospitali Bariadi mjini.

Asubuhi ulimwona mtoto anatembea kwa ncha za vidole, ukasema anakwepa kuvuna pamba. Ukambebesha kiroba! Alipoanguka mlangoni ukasema namdekeza, ukaenda zako shambani. Nimemvua suruali: vigimbi vimevimba, ukivigusa tu analia. Mkojo wake kama chai ya rangi. Nikampigia nesi wa zahanati. Anasema ni virusi vya yale mafua ya wiki jana, wakati mwingine vinashambulia misuli, na kwa mkojo wa namna hiyo tusingoje hata kidogo.

Mwambie mama yako asimtafute mtu wa kumchanja chale. Mtoto hajarogwa.

~~Tukilazwa usije.~~ Tukilazwa leta blanketi. Ulilete mwenyewe, usimtume mtu.

Nilipombeba mgongoni kumtoa kitandani, aliniambia hivi: "Mwambie baba mstari wangu asiuvune, nitakuja kuumalizia mwenyewe."

Mama Bundala