Tarehe ya Baba Ukutani

Nguvumali, Tanga
26 Julai 2025

Dada Mwatumu,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na Mama anakula. Huku wazima, ila kitambi changu siku hizi kinafika mlangoni kabla yangu. Nimeandika kwa mkono maana nikipiga simu Mama huiweka spika, na haya asiyasikie hivyo.

Jana, Siku ya Mashujaa, nilikwenda kuuona ukuta mpya wa waliokufa vita vya Kagera, uliojengwa na askari wastaafu wa hapa mtaani. Nilitafuta jina la Baba kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Nikaliona: Nasri Shekhe. Amefariki 9 Februari 1979.

Dada, tarehe! Si tuliambiwa hakuna ajuaye alikoishia? Mama hajakaa eda mpaka leo, anangoja habari. Nikamuuliza katibu wao, Mzee Methusela, tarehe wameipata wapi. Akashangaa: "Si kwa ami yako Idarusi? Katuletea barua ya jeshi, ina muhuri. Kwani hamkuijua?"

Nilitamani kuubomoa ule ukuta kwa kichwa. Nimwambieje Mama?

Mdogo wako,
Uweso

Maramba
2 Agosti 2025

Mdogo wangu Uweso,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Kitambi chako nimekicheka, kisha kicheko kikanikauka.

Mama usimwambie kitu. Nenda kwa Ami. Posa tatu Mama alizikataa, "mimi mke wa mtu," na Ami yupo pale mkekani, anakula wali wake, anaitikia, "Umefanya vyema, shemeji." Muulize ule wali ulimpitaje kooni!

Dada yako,
Mwatumu

Nguvumali
9 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo. Afya ipo, usingizi ndio haupo.

Nimemwendea. Hakukana. "Barua ilinifikia mimi, Machi ile," akasema. "Wewe ulikuwa tumboni, na mimba mbili zilishamtoka mama yako. Nikasema ngoja ajifungue. Kisha nikasema ngoja arobaini ipite. Kisha nikaona haya."

"Haya za miaka arobaini na sita, Ami?"

"Kila mwaka zilizidi. Barua nimeitoa tu jina la ndugu yangu lisikose ukutani."

Mimi unanijua, hata kuku wa jirani akinilia mchele humwomba radhi. Siku hiyo nilifoka mpaka mtaa ukatoka nje. Nimemwambia Ijumaa aje huko, amsomee Mama barua kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi siji naye, nitampiga.

Mdogo wako,
Uweso

Maramba
16 Agosti 2025

Uweso,

Salamu. Sisi tuko, tunashukuru.

Ami alikuja jana na shekhe wa msikiti. Mama aliisikiliza barua, akaomba tarehe isomwe tena. Shekhe akamtuliza: "Bi Zuwena, ulikuwa mjamzito. Kisheria eda yako iliisha siku uliyojifungua."

Mama akamtazama. "Iliishaje, shekhe, na mimi sijaianza?"

Akaingia chumbani, akatoka amevaa nyeupe. Miezi minne na siku kumi ataikaa, anasema, hata kama haimo kitabuni. Ami akapiga magoti, "Shemeji, nisamehe." Mama akanigeukia mimi: "Mwambie huyo mwanamume nyumba hii ina mjane. Atoke."

Akatoka. Sikumsindikiza.

Ukiipata hii, njoo siku hiyo hiyo. Watu wa Maramba wameanza kuja kutupa pole ya Baba, na barazani hakuna mtoto wake wa kiume wa kuwapokea.

Dada yako,
Mwatumu