Petroli ya Marehemu Inapungua

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi fundi anakuja kutoa petroli yote kwenye tangi la gari la marehemu mume wangu, na mimi sijui nimfungulie geti au nimwambie arudi alikotoka.

Mume wangu alikuwa fundi saa, na gari hili limeizidi ndoa yetu kwa umri, alilinunua likiwa bovu akalifufua pamoja na mdogo wake, Jumapili za mwaka mzima, nami nikiwapelekea chai naona miguu minne tu imetokeza chini ya gari na siwezi kujua ipi ya nani mpaka nitazame soksi. Ijumaa moja, miaka mitatu iliyopita, alirudi kutoka kituo cha mafuta akicheka, akasema amemwambia mhudumu ajaze mpaka tangi lione haya, kwa sababu Jumapili tulikuwa twende kwa dada yangu, na Jumamosi asubuhi akaanguka akiwa anafunga kamba za viatu, hakuinuka tena.

Gari halijatoka tangu siku hiyo. Geji ya mafuta ilikufa zamani, kwa hiyo alikuwa akipima kwa kijiti alichokichonga alama kwa kisu, na mimi kila Jumamosi nikishafagia gereji nafungua kifuniko cha tangi, natumbukiza kijiti, natazama alama, nafunga. Utaniona mjinga, lakini petroli ile aliinunua yeye, ndicho kitu cha mwisho alichokileta nyumbani.

Mwaka jana nikaona imeshuka alama mbili, na baada ya miezi michache ikashuka nyingine, na funguo za gereji zilikuwa mbili tu, mmoja wangu na mmoja wa shemeji, yule mdogo wake, ambaye alikuwa akija kulisukuma gari kidogo ili matairi yasiharibike kwa kukaa upande mmoja, basi nikaliweka jambo hilo moyoni likavimba, mpaka siku moja nilipokuwa kwake nikamwambia mbele ya wanawe, "Shemeji, kama una shida ya mafuta, si uombe?" Hakunijibu kwa hasira. Aliutoa ule ufunguo kwenye pete yake, ukamsumbua kidogo kutoka, akauweka mezani akasema, "Haya, shemeji. Sasa unazo zote mbili." Huu ni mwezi wa nane hajakanyaga kwangu.

Juzi harufu ilipozidi nikamwita fundi, akafungua kifuniko, akanusa, akaniambia kwa upole, "Mama, hii haijaibwa. Petroli huruka yenyewe." Akanionyesha mpira wa kifuniko uliokauka ukapasuka, akasema tena kila nikifungua kupima ndivyo ninavyozidi kuipa njia, na iliyobaki imeanza kuwa kama gundi, chini kuna maji yanayolila tangi kwa kutu, litatoboka wakati wowote, na gereji yenyewe imeungana na jiko langu. Tatizo, bolti ya kutolea mafuta waliitengeneza wenyewe wale ndugu wawili, inafunguka kinyume na bolti nyingine, fundi aliigusa ikagoma, anaogopa kulipasua tangi. Akaniuliza kama yupo mtu mwingine anayeijua. Nikasema hayupo. Nilimdanganya, mshauri.

Nimechota kidogo nikaitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nimeiweka kabatini katikati ya mashati yake. Je, nikubali ile nyingine itolewe? Na hii chupa, naweza kubaki nayo?

Mimi, Mjane wa Fundi Saa

JIBU

Mama, pole sana. Lakini kabla hujasoma mstari wa pili, inuka, itoe hiyo chupa kabatini, iweke nje mbali na jiko, kisha urudi tuzungumze.

Umerudi? Vizuri. Hapana, huwezi kubaki nayo. Petroli haijui kuwa wewe ni mjane. Siku ikikutana na moto itachukua mashati, kabati na wewe mwenyewe, na ninavyomsoma mumeo, mtu aliyepima mafuta kwa kijiti, angekuwa wa kwanza kukugombeza.

Petroli yote itoke. Gari lisukumwe nje kwenye hewa, waya wa betri ufunguliwe, jiko lizimwe, asiwepo mvuta sigara wala simu karibu. Iingie kwenye madumu ya chuma yenye kufunga, fundi aondoke nayo aipeleke wanakopokea mafuta machafu. Isimwagwe mtaroni. Hiyo ya chupa iende pamoja nayo. Kisha tangi lisafishwe, kifuniko kitiwe mpira mpya, na gari litembee, maana gari la kusimama huoza. Ukitaka kumkumbuka, umenisimulia soksi na tangi lenye haya hata mimi nisiyemjua. Hayo hayaruki.

Sasa niseme lililonikera. Umeniuliza juu ya petroli na chupa. Juu ya shemeji yako hukuniuliza neno, na barua hii hasa inamhusu yeye. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe ulijikwaa ulimi mbele ya watoto wa mtu. Umejua ukweli tangu juzi, umekaa nao, na fundi alipouliza ukamfanya yule ndugu hayupo duniani. Mtu aliyekuwa akija kusukuma gari ili matairi yasiharibike ulimwita mwizi, ukawa umewazika wawili badala ya mmoja.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumamosi. Usimpigie simu, usimtume mtu. Nenda kwake saa ambayo watoto wapo, kwa sababu wao ndio waliosikia. Usitaje tangi wala bolti mpaka aulize mwenyewe. Ukianza na bolti atadhani umefuata spana. Mwambie, "Shemeji, nilikusingizia, na nimekuja kusema hivyo wanao wakisikia." Kisha nyamaza. Neno linalofuata ni lake.