Mgomba wa Mama Mkwe

Kasulu, Jumanne

Hii programu ya kuandikia tasnifu hupeleka picha inakotaka yenyewe. Nami leo nimechapisha bila kukagua, nikampelekea mama mkwe nakala huko Muyama, maana migomba niliyoitafiti ni yake.

Akafungua ukurasa wa shukrani. Chini ya jina lake umekaa mgomba wenye mnyauko, na maelezo: "Hatua ya mwisho ya kuoza."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Akausoma taratibu. "Huu si ule wa nyuma ya choo? Kumbe uliukumbuka, mkwe wangu."

Wanakwaya wenzake wote wameshaonyeshwa. Jioni msimamizi wangu kapiga simu, anataka picha irudi sura ya nne. Aende Muyama akamwambie mwenyewe.