Kasi Ikishuka Naona Zamu Yangu Imefika

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mahali sijui nimweleze nani, mimi ni msusi, nina mume na watoto wawili, na mwaka huu nimefikisha umri aliokufa nao mama yangu, ambaye alipanda ngazi na ndoo ya maji, akasema ngoja nipumzike kidogo, akakaa na hakuinuka tena, wakatuambia ni moyo. Tangu nifikishe umri huo silali vizuri, ndipo mdogo wangu wa kike akaniambia, "Dada, twende tukakimbie, moyo unapenda mazoezi," tukaanza kukimbia asubuhi kwenye barabara ya nyuma ya maghala, na yeye ndiye aliyeniwekea kwenye simu ile programu ya kupima mwendo, ukimaliza kilomita moja sauti ya mwanamke inakuambia masikioni umetumia dakika ngapi.

Mwanzoni nilifurahi, kila wiki dakika zilipungua na mimi nikajiambia basi moyo wangu ni mzima, kumbe hapo ndipo nilipoingia mtegoni, kwa sababu zikiongezeka hata kidogo, nafika saluni namwacha mteja na nusu kichwa naenda chooni kujishika shingo nisikilize mapigo, mteja mmoja akaniuliza kama tumbo linanisumbua, nikaitikia. Mdogo wangu nikamkwepa kwa sababu anapenda kuongea njiani na maongezi yananipotezea dakika, akanuna, akaniambia, "Wewe hukimbii, unafukuzwa." Sasa nakimbia kila siku peke yangu, na mume wangu anadhani tuko wawili.

Mwezi huu kasi inashuka tu, nikikaza ndiyo inazidi kushuka, na juzi ile sauti ikanitajia dakika nyingi kuliko za siku yangu ya kwanza kabisa, nikakaza tena, kifua kikabana, masikio yakavuma, nikaona giza. Nilipozinduka nimeegemezwa kwenye kizingiti cha duka la vioo, mwenye duka ananipepea kwa boksi, na katika vioo vyake vyote nikamwona mama, kumbe ni mimi, uso umekuwa wa rangi ya jivu. Nyumbani nikasema nimejikwaa. Hospitali naogopa, kwa sababu wakinipima wataniambia. Nifanye mazoezi gani ili kasi yangu irudi na isishuke tena? Namba yangu iko hapo chini, tafadhali usiichapishe.

Msusi Mwenye Hofu

*

Dada yangu msusi, barua yako sikuipanga foleni. Niliposoma mpaka pale kwenye duka la vioo niliiweka mezani nikakupigia simu, na umeniruhusu wasomaji wajue tulichozungumza.

Nilikuambia usikimbie tena mpaka daktari akupime. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wakinikuta na ugonjwa wa mama?" Nikakujibu kwamba kama unao, unao hata usipopimwa, tofauti ni kuwa hutatibiwa. Ukalia. Nikakuagiza umweleze mumeo kwamba hukujikwaa, na jioni akanipigia yeye, akasema maneno machache tu: "Kesho siendi kazini, nampeleka."

Mmerudi na majibu. Moyo umepimwa, haukuonekana na tatizo. Damu ndiyo imepungua, tena imepungua sana, umepewa dawa na tarehe ya kurudi. Kwa hiyo mwili ulikuwa unakuomba upumzike, na wewe kila ulipoomba ukauongezea mbio. Hapo sikubembelezi. Umemdanganya mumeo na ukamkimbia mdogo wako. Kama mwenye duka angechelewa kufungua siku ile, nani angejua pa kukutafuta?

Hofu yako naielewa. Aliyeona mama akikaa chini na asiinuke hawezi kuambiwa tu "usiogope" yakaisha. Lakini dakika za kilomita si kipimo cha moyo. Jua likiwa kali utachelewa, usipolala utachelewa, ukiwa hedhini au umesimama kutwa ukisuka, utachelewa vilevile, na hujafa.

Kuhusu kasi nimemuuliza mwalimu wa riadha, nisije nikakupotosha. Daktari akisharuhusu, utaanza upya na mdogo wako, tena anayependa kuongea ndiye unayemhitaji: kimbieni mwendo wa kuzungumza, ukishindwa kumaliza sentensi, tembea. Siku tatu kwa wiki zinatosha, nyingine pumzika. Miezi ikipita na mwili ukizoea, chagua siku moja katika hizo, ongeza mwendo kidogo, tembea mpaka pumzi itulie, rudia mara chache, basi. Ile sauti izime. Dakika utazitazama nyumbani ukishaoga, na utalinganisha mwezi na mwezi, kamwe si jana na leo. Kifua kikibana, simama hapohapo na urudi hospitali, hata kama majibu ya kwanza yalikuwa mazuri.

Limebaki moja. Mumeo anajua habari ya damu na ya kuanguka. Habari ya umri wa mama yako hajui. Aliniuliza kwenye simu kwa nini ulikuwa unakimbia hivyo, nikamwambia swali hilo ni lako. Jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla halijachapwa, gazeti linatoka Jumapili asubuhi. Mwambie Jumamosi.