Nati Mpya ya Mashine ya Baba

Voi, Jumamosi. Wingu jepesi juu ya vilima, upepo umetulia, hata vumbi la barabarani limelala. Nimeamka nikiwa nusu ndotoni na mpaka sasa sijarudi vizuri.

Leo nimemimina nati mara ya pili.

Shajara, unaijua mashine ya baba ya kukereza vyuma. Nati inayotembea kwenye skrubu yake ndefu ililika hadi ikawa inacheza, na kila nikikatacho kilitoka na mistari. Ya kununua haipatikani, mashine ni kongwe kunishinda. Mama alishamwita mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Miasenyi, aje kuichukua Jumatatu. Simlaumu. Baba hayupo tena. Lakini mashine ikizunguka, namsikia akikohoa pembeni.

Kosa la wiki jana lilikuwa langu. Nilimimina zinki ya moto kuizunguka skrubu katikati, igande kwa umbo lake, pale baba alipofanyia kazi miaka yote, ambapo thredi, yale meno yake, zimekonda. Nati ikateleza vizuri hapo katikati, ilipofika mwishoni ikakwama. Nililia, wala sioni haya kuandika.

Leo nikachagua ncha, ambapo hapajalika. Nilikuwa naifuta skrubu ing'ae, mama akaingia na parachichi kutoka Mghange.

"Wewe! Utamimina bila masizi? Si itashikana milele! Baba yako alikuwa anachukua koroboi yangu."

Kumbe ndiko koroboi za nyumbani zilikokuwa zikipotelea. Akaileta, akaiwasha mwenyewe, akaipitisha chini ya skrubu polepole mpaka ikawa nyeusi tii. Mikono yake haikusita hata kidogo.

Miaka yote nilidhani anaichukia mashine hii.

Nikaizungushia udongo, nikamimina zinki ya kabureta kuukuu nilizoyeyusha, tukafunika gunia ipoe. Tukala parachichi kwa chumvi. Subira yavuta heri, akasema, huku yeye ndiye anayechungulia gunia kila mara. Harufu ya mafuta ya taa ilinirudisha utotoni, nikasahau niko wapi.

Nikaigonga nati kidogo kwa nyundo ya mbao. Ikaachia.

Nikaipasua ubavu mmoja kwa msumeno, nikatia boliti ya kuibana kadiri itakavyolika. Nikaikaza isicheze hata kidogo. Mwishoni ikagoma. Nikaogopa, nikamwangalia mama.

"Ilegeze kidogo. Alikuwa anaiacha ipumue."

Robo mzunguko tu. Ikapita toka mwanzo hadi mwisho, kimya kabisa. Mama akaweka kiganja juu ya mashine, akakaa hivyo kwa muda. Nilimpenda sana wakati ule, na sikumwambia.

Akiwa mlangoni akatoa simu, akampigia mtu wa Miasenyi. "Usije Jumatatu. Iko kazini."

Koroboi ameiacha kwenye rafu yangu. Jumatatu naanza na shafti ya mashine ya posho ya Mraru, na nitamwambia mama nilichokimeza leo.