Waya wa Jukwaani

Jumapili, 2 Februari 2025
Getruda, mnenguaji wetu, alipigwa shoti ya umeme jana akicheza. Mvua ilivuja hadi jukwaani, waya wa spika umechubuka, naye yuko pekupeku. Mchana nilimwonya Mzee Rupert, mwenye ukumbi na vyombo vya muziki. Akacheka: wewe karani shika kalamu, umeme niachie mimi. Mkono wa Getruda umeungua vibaya.

Jumatatu, 3 Februari
Nimemtembelea wodini. Ananiuliza: sisi wachezaji hatuna chama, hatuna mkataba, tumlalamikie nani? Nikaenda nyuma ya soko, nikampigia afisa kazi bila kutaja jina. Ni mama mpole. Chama si lazima, kasema, wala karatasi. Aje mwenyewe, na aliyeona aje naye.
Aliyeona ni mimi! Nikakata simu.
Mzee Rupert ndiye msimamizi wangu wa kipaimara kanisani. Nalala chumba cha uani kwake.

Jumatano, 5 Februari
Yamemalizwa nyumbani. Mzee Rupert alikwenda Mjimwema kwa mama yake Getruda, na wazee wawili wa jumuiya ya kanisa, na gunia la mahindi. Wamesali, wamekula pamoja. Mama kasema basi, hawezi kumshtaki mtu aliyekwisha kula kwake.
Getruda kanitumia meseji: "Kaka, mimi ndiyo hivyo tena. Lakini Ida je?"
Ida anacheza Namtumbo Jumamosi badala yake. Waya ni ule ule — umezungushiwa solotepu tu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimemwambia Ida habari za waya. Kanicheka mbele ya wenzake: "Kaka karani, nisipokwenda, utakata kiuno wewe?"
Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Februari
Afisa kazi yuko ofisini! Kapata habari hospitali, anasema. Mzee Rupert hakushtuka hata kidogo. Kamfungulia soda, kamwambia ni unyevu tu, vyombo vyake vyote vizima. Kisha kanishika bega: "Mwanangu huyu alikuwepo. Hajui uongo. Muulize."
Yule mama kanitazama. "Haya, kijana?" Sauti ile ile ya kwenye simu.
Nimeomba kwenda chooni. Naandika nimesimama. Huko nje Ida na wenzake wanapakia spika kwenye gari, wanaimba.
Mzee Rupert anagonga. Taratibu tu.
"Mwanangu, mgeni anakusubiri."
Nimejibu: "Nakuja, Baba."
Sijawahi kumwita Baba.