Pakanga Yako Imefika Kawangware

Wafula,

Pakanga yako imefika Kawangware. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kaburi limekaaje.

Shemeji alihama mtaa wenu wa Lindi, hapa Nairobi, mara tu baada ya mazishi yako. Alisema chumba kimekuwa kikubwa mno kwake peke yake, na wewe unakijua kile chumba, mtu akifungua mlango kitanda kinasogea. Sasa anakaa na binti yenu Nasimiyu na mjukuu wenu Nanjala, na ana kibanda cha mboga karibu na soko. Anauza sukuma, managu, nyanya. Pembeni, juu ya gunia, ameweka vifurushi vya majani makavu vilivyofungwa kwa karatasi za gazeti. Sikuhitaji kuuliza ni nini. Harufu ile ya pakanga ilikuwa ikikaa kwenye koti lako hata Jumapili.

"Shem, hii ni dawa ya mzee," akaniambia. "Ya malaria. Ile walikuwa wanatengeneza huko kazini kwake."

Ni kweli, lakini nusu. Miaka yote ile maabara, ulikuwa ukisaga majani na magome, na ukichunguza udongo uliobeba mwenyewe kwa mifuko kutoka mtaa wa Silanga, kuona kama ndani yake kuna kijidudu kinachoweza kuua kingine. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba dawa nyingi tunazopewa hospitalini zilianzia huko, kwenye ukungu, kwenye gome, kwenye jani kama hili. Ukanieleza na nusu ya pili, ambayo wateja wa Kawangware hawajaelezwa. Jani lina dawa kidogo, na hicho kidogo hubadilika kwa mvua, kwa udongo, kwa siku lilipochumwa. Kidonge cha kliniki hutokana na mmea huo huo, ila dawa yake imechujwa, ikapimwa, ikaunganishwa na dawa ya pili ili kimelea kikiponea hii kiuawe na ile. Anayekunywa chai ya majani haya kidogo kidogo haiui malaria. "Anaifundisha," ulisema. "Anaionjesha mpaka inazoea." Ulikuwa unatafuna mahindi ya kuchoma, wala hukuinua sauti.

Ndiyo maana mistari ile miwili uliyopanda Silanga, kando ya bwawa, hukumpa mtu hata tawi. Ilikuwa ya kutoa mbegu za maabara. Wamama wa mboga wakikuomba uliwaambia, "Hii ni sukuma ya serikali, ukiionja unaenda ndani." Walicheka, na waliiacha.

Kisha ukafa, na ikabidi tukupeleke nyumbani magharibi, tukuzike.

Unajua jinsi tunavyokwenda matangani. Watu waliozaliwa Nairobi, ambao damu yao haijui malaria, wanajazwa kwenye basi, wanafika magharibi, wanalala nje kwenye turubai. Wengi hurudi na homa. Safari hii shemeji aliona amepata kinga. Kabla basi halijaondoka alichemsha sufuria nzima ya pakanga kutoka shamba lako, na kila mtu akapewa kikombe, watoto pia. Mimi nilikuwa gari la mbele na jeneza, sikuona. Nasimiyu ndiye aliyenisimulia. Mama yake alikuwa akisema, "Kunyweni, mzee mwenyewe ndiye anatulinda tukimzika." Nani angekataa?

Huko nyumbani walikunywa kila asubuhi. Vyandarua vilivyobebwa vilibaki kwenye mifuko. Nanjala alilala kwenye mkeka, chini ya turubai, kwa bibi yake.

Waliporudi Kawangware homa ikamshika. Shemeji akaongeza chai. Homa ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, na kila iliposhuka chai ilisifiwa. Nasimiyu alipombeba hadi kliniki, mtoto hakuweza kushikilia shingo yake. Walimpa vidonge, vile vinavyotokana na mmea wako. Dozi ilipoisha walimpima tena. Vimelea bado vilikuwamo kwenye damu.

Nilizungumza na daktari aliyemhudumia, msichana mpole, akaomba nisimtaje jina. "Inaweza kuwa alitapika dawa," alisema. "Inaweza kuwa kitu kingine. Hicho kingine sitaki kukisema saa hii." Katika kazi yangu ya gazeti wakubwa wamekataa kunijibu miaka mingi, na mara nyingi huwa wanalinda kazi zao. Huyu alikuwa anaogopa, Wafula. Nilimwona akiiangalia mikono yake.

Nanjala alipelekwa hospitali kubwa, akatundikiwa dawa nyingine mshipani. Yu hai. Amekonda, anatembea akishika ukuta, na anauliza Kuka, babu yake, atarudi saa ngapi. Damu yake ilichukuliwa ikachunguzwe zaidi. Majibu hayajafika, kwa hiyo sijaandika gazetini kwamba malaria imejifunza lolote. Sijui. Ninachojua ni kwamba pakanga imejipanda yenyewe kutoka kwenye mistari yako na sasa inafuata maji machafu ya bwawa upande mzima wa Silanga, na kila asubuhi kuna watu wameinama na visu. Makina, karibu na kwangu, kijana mmoja anaiuza kama dawa ya presha na sukari, kwenye kibanda cha sukuma cha mama yake.

Nilikwenda kuongea na shemeji. Nilimwambia yote uliyoniambia, kwa maneno yako. Alinisikiliza huku akikata sukuma. Akauliza, "Kwa hivyo mzee alikuwa anadanganya watu huko kazini?" Nikasema hapana. Akasema, "Mtoto si alipona? Alipona na chai, shem. Sindano ilimalizia tu."

Anauza kitu pekee chako kilichobaki ambacho watu wanakitaka.

Sasa wanarudi huko kukujengea kaburi kwa saruji. Mvua imeanza magharibi. Basi linaondoka Ijumaa, majani yameshatengwa, na Nanjala ameorodheshwa pamoja na wengine, kwa sababu mjukuu wa kwanza anapaswa kuweka jiwe. Daktari alisema mwili wake hauwezi kubeba homa nyingine. Nasimiyu alinifuata nje ya kibanda, akiwa amejifunga leso ya mama yake. "Uncle, mimi siwezi kumkatalia mama kwenye kaburi la baba. Wewe anakuogopa kidogo. Sema mtoto abaki."

Nitasema. Alhamisi nitakwenda Kawangware, nimchukue Nanjala mbele ya wote, nije naye Makina, mke wangu ameshatandika. Shemeji ataniita mtu aliyemtenganisha mtoto na kaburi la babu yake, na atalisema hilo kila matanga tutakayokutana. Akilisema sana, haidhuru. Wale wengine siwezi kuwazuia. Watakunywa chai, watapanda basi, watalala nje.

Lala salama, Wafula. Wakifika na saruji yao, usimtafute Nanjala kati yao. Nimekuahidi hatakuja.